Miaka arobaini bila chanjo ya VVU: tumekwama wapi, na binti ajitolee au asijitolee?

Swali: Daktari, chanjo ya korona ilipatikana ndani ya mwaka mmoja tu. Ya UKIMWI nilianza kuisikia nikiwa shule ya msingi na mpaka leo hakuna kitu. Kaka yangu anasema ipo, ila kampuni za dawa zimeikalia ili ARV ziendelee kuuzika. Sasa tunasikia kuna sindano ya mara mbili kwa mwaka inayozuia VVU: hiyo nayo si chanjo? Nauliza kwa sababu binti yangu wa miaka 22 ameombwa ajitolee kwenye utafiti wa chanjo ya VVU. Nimruhusu? Hawatamwambukiza?

Jibu: Mama, nianze na lile linalokukosesha usingizi. Chanjo haiwezi kumwambukiza binti yako VVU. Chanjo zinazojaribiwa siku hizi kwa watu wasio na maambukizi hazina kirusi kizima ndani yake. Zina vipande vya protini ya kirusi vilivyotengenezwa maabara, au maelekezo ya kijenetiki yanayouwezesha mwili kuvitengeneza vipande hivyo wenyewe kwa muda mfupi. Kwa vipande hivyo peke yake kirusi hakiundiki, hata mwili ukae navyo mwaka mzima. Lakini kusema chanjo haiambukizi si sawa na kusema utafiti hauna hatari. Liko jaribio moja lililosimamishwa mwaka 2007 ambalo kila anayeombwa kujitolea anastahili kulijua kabla hajatia saini. Nitalifikia.

Hoja ya kaka yako siidharau, maana ina chimbuko. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ARV za mtu mmoja ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka, na watu walikufa wakijua kabisa kwamba dawa ipo ila haikuwa ya kwao. Bei ilianza kuporomoka mwaka 2001, pale kampuni ya Cipla ya India ilipotangaza kuuza mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka. Aliyeyashuhudia hayo ana kila sababu ya kuzitilia shaka kampuni za dawa, na mimi si wakili wao. Ila kwenye chanjo ushahidi haumwungi mkono. Sehemu kubwa ya fedha za utafiti huu imetoka kwenye kodi za wananchi, hasa wa Marekani. Matokeo ya majaribio makubwa, mabaya kwa mazuri, yamechapishwa na yeyote anaweza kuyasoma. Na kampuni kubwa zilizojitosa, Merck kwanza na Johnson & Johnson baadaye, zilitoka mikono mitupu. Mwenye chanjo inayofanya kazi angeuza kwa dunia nzima, wakiwemo mabilioni ya watu ambao hawatanunua ARV maishani mwao. Biashara ya namna hiyo haikaliwi.

Kilichotushinda ni kirusi chenyewe, na korona inasaidia kuonyesha ni kwa nini.

Watu wengi mno waliopata korona walipona wenyewe. Ndani ya wiki mbili tatu mwili ulikuwa umetengeneza kingamwili, yaani protini za kinga zinazokishika kirusi, umekitoa kirusi, na umebaki na kumbukumbu yake. Surua ni hivyo hivyo, na hata ndui, pamoja na ukali wake wote, waliopona walikuwa wengi kuliko waliokufa. Waliotengeneza chanjo za magonjwa hayo walikuwa na kielelezo mbele yao: waige kile ambacho mwili tayari unajua kukifanya, mtu asilazimike kuugua ndipo akipate. Kwa VVU kielelezo hicho hakipo. Mtu akiambukizwa, mwili unapambana kweli kweli, na kingamwili zinatoka kwa wingi; ndizo zinazosomwa na kile kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni. Lakini hazikitoi kirusi. Watu walioonekana kukimaliza bila dawa wala kupandikizwa uboho ni wa kuhesabu kwa vidole. Anayejulikana zaidi ni Mmarekani Loreen Willenberg: watafiti walichambua zaidi ya bilioni 1.5 za seli zake wasikute hata nakala moja nzima ya kirusi. Inatia moyo, lakini bado hatujui namna ya kumfanya mtu mwingine awe kama yeye.

Kisha kuna suala la muda. VVU haviogelei tu kwenye damu. Vinaingia ndani ya seli na kuchomeka vinasaba vyao katikati ya vinasaba vya seli hiyo, na baadhi ya seli hizo hulala kimya miaka mingi zikiwa zimebeba kirusi. Kwa nyani waliofanyiwa utafiti, hifadhi hiyo ya siri ilikuwa imeshajengeka ndani ya siku tatu tangu waambukizwe, hata kabla kirusi hakijaonekana kwenye damu. Chanjo ya korona ilivumiliwa hata iliporuhusu mtu kupata mafua, mradi isimfikishe kwenye mtungi wa oksijeni. Chanjo ya VVU haina nafasi hiyo ya kuteleza. Kingamwili zinatakiwa ziwe zimeshakaa tayari, kwa wingi, siku kirusi kinapoingia.

Na ni kirusi kipi kinaingia? Hapa ndipo wengi wetu tulipokunja uso tulipoanza kusoma somo hili. Ndani ya mtu mmoja asiyetumia dawa huzaliwa virusi wapatao bilioni 10 kwa siku, na kimeng'enya kinachonakili vinasaba vyao hukosea mara kwa mara, tena hakijisahihishi. Nyingi ya nakala hizo mbovu hufa. Chache huishia kuwa na umbo ambalo kingamwili za jana hazilitambui. Baada ya miaka michache, virusi waliomo ndani ya mtu mmoja huwa wametofautiana kwa kiwango kinachokaribiana na tofauti za virusi vya mafua makali (influenza) vya dunia nzima kwa mwaka mmoja. Sasa zidisha hilo kwa watu milioni 40. Ulaya na Marekani imetawala aina ndogo B, kusini mwa Afrika na India ni C, Afrika Mashariki kuna A na D, halafu kuna mchanganyiko wa hizo zilizokutana ndani ya mtu mmoja zikazaana. Chanjo iliyotengenezwa kwa kirusi cha Thailand unaweza kuipeleka Durban isimjue mwenyeji wake.

Sehemu pekee ya kirusi ambayo kingamwili inaweza kuishika ni miiba iliyo juu ya ngozi yake, ile inayotumia kujishikiza kwenye seli. Mwiba wa VVU umefunikwa na sukari, kiasi kwamba karibu nusu ya uzito wa protini yake ya nje ni sukari tupu. Na sukari hizo hutengenezwa na seli zetu wenyewe, kwa hiyo mwili ukizitazama unaona kitu chake na kupita. Tena miiba yenyewe ni haba: kirusi cha influenza kina mamia, VVU ina kama dazeni hivi. Uhaba huo una ujanja wake. Kingamwili ina mikono miwili, na hushika kwa nguvu inapopata miiba miwili kwa pamoja. Kwenye VVU miiba imeachana mno, mkono mmoja unashika na wa pili unapapasa hewa. Nimesoma juu ya virusi vingi, sijaona kilichojipanga hivi.

Hayo yote hayakujulikana tarehe 23 Aprili 1984, siku Margaret Heckler, waziri wa afya wa Marekani, aliposimama mbele ya waandishi wa habari na kusema kwamba chanjo itakuwa tayari kujaribiwa baada ya miaka miwili hivi. Tangu siku hiyo kila kizazi cha watafiti kimekuwa kikiulizwa swali lako.

Njia ya kwanza ambayo mtu yeyote angeifikiria ni ile ya surua: chukua kirusi hai, kidhoofishe, mchome mtu. Mwaka 1992 watafiti walionyesha kwamba nyani aliyepewa kirusi cha nyani kilichoondolewa jeni moja, nef, alikingwa asipate kile kikali. Watu walishangilia. Miaka mitatu baadaye kirusi dhaifu cha namna hiyo kikawaletea UKIMWI nyani wachanga. Na huko Sydney kulikuwa na kundi la watu walioongezewa damu ya mchangiaji mmoja ambaye kirusi chake, kwa bahati ya maumbile, kilikuwa na kasoro kwenye jeni hilo hilo. Walikaa miaka mingi wakiwa wazima bila dawa, kisha baadhi yao kinga ikaanza kushuka. Mlango huo ukafungwa, na ndiyo sababu nimekuambia kwa uhakika kwamba hakuna atakayemchoma binti yako kirusi hai.

Njia ya pili ilikuwa kutumia protini ya mwiba peke yake. Kampuni ya VaxGen iliijaribu Marekani ya Kaskazini na Uholanzi, kisha Thailand kwa watu wanaojidunga dawa za kulevya, na mwaka 2003 majibu yakatoka kote: haikumkinga mtu. Kingamwili zilitoka kwa wingi, lakini zilishika protini ile ya maabara vizuri kuliko zilivyoshika kirusi halisi cha mtaani.

Njia ya tatu ndiyo lile jaribio nililokuahidi. Likaitwa Step. Lilihusisha watu wapatao 3,000, wengi wao wakiwa wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume, katika nchi za Amerika na Australia. Chanjo ya Merck ilibeba vipande vya VVU ndani ya kirusi cha mafua ya kawaida, adenovirusi namba 5, kilichoondolewa uwezo wa kuzaliana. Lengo halikuwa kingamwili, bali kuamsha seli za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa. Septemba 2007 bodi huru ya usalama ilifungua takwimu na kulisimamisha. Chanjo haikukinga. Kibaya zaidi, kati ya wanaume ambao hawakutahiriwa na ambao tayari walikuwa wamewahi kupata mafua ya adenovirusi hiyo, waliochanjwa waliambukizwa zaidi kuliko waliopewa plasebo, yaani sindano isiyo na chanjo ndani. Hakuna aliyeambukizwa na chanjo yenyewe. Wote walipata VVU kwa njia ya kawaida, ya ngono. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba chanjo iliamsha seli za CD4, zile seli za kinga ambazo VVU hushambulia, zilizokuwa zikikumbuka mafua yale, na seli za CD4 zilizoamka ndizo shabaha ambayo VVU huipenda kuliko zote. Ubishi haujaisha kuhusu undani wa jambo hilo. Jaribio ndugu la chanjo hiyo hiyo lililokuwa likiendelea Afrika Kusini lilisimamishwa papo hapo, na washiriki wakaambiwa wazi nani alipewa nini. Jaribio jingine lililotumia adenovirusi namba 5, likiwachukua tu wanaume waliotahiriwa na wasio na kingamwili zake, nalo lilisimamishwa Aprili 2013 kwa kutokinga. Adenovirusi hiyo namba 5 tukaiacha.

Ndiyo maana nasisitiza bodi huru. Mama, watafiti wanaoendesha jaribio hawajui nani kapata chanjo na nani kapata plasebo, kwa hiyo hawawezi kuona madhara yakijikusanya. Wanaoona ni watu wa nje, wasio na hisa wala cheo kwenye utafiti, wanaofungua takwimu kila baada ya muda na wana mamlaka ya kusema: simamisheni leo. Mwaka 2007 walisema.

Kisha likaja lililowashangaza wote. Septemba 2009, Thailand, jaribio linaloitwa RV144, lenye washiriki zaidi ya 16,000. Lilichanganya chanjo mbili ambazo hazikuwa na sifa yoyote, mojawapo ikiwa ya VaxGen ile iliyoshindwa, na wanasayansi wakubwa walikuwa wameandika hadharani kwamba ni kupoteza fedha. Waliopewa plasebo wakaambukizwa watu 74. Waliochanjwa, 51. Hiyo ni kinga ya asilimia 31.2, na hadi leo ndilo jaribio pekee kubwa lililoonyesha kwamba chanjo ya VVU inaweza kumkinga binadamu. Asilimia 31 haitoshi kuipeleka chanjo kliniki, na ziangalie namba zenyewe: tofauti ni watu 23 kati ya 16,000. Wengine wanaamini ilikuwa kinga ya kweli iliyofifia haraka baada ya mwaka wa kwanza. Wengine wanasema ni bahati ya takwimu. Mimi niko katikati, nikiegemea kwa hao wa mwisho zaidi kila mwaka unavyopita, kwa sababu ya yaliyofuata.

Yaliyofuata ni haya. Mpango wa Thailand ulirekebishwa ufanane na aina ndogo C ukapelekwa Afrika Kusini kwa jina la Uhambo, watu zaidi ya 5,400. Februari 2020 ukasimamishwa: waliochanjwa waliambukizwa 129, wa plasebo 123. Imbokodo, ya wanawake vijana 2,600 hivi katika nchi tano za kusini mwa Afrika, ilitumia protini za kuunga-unga zilizobuniwa kwa kompyuta ili zifanane na aina nyingi kwa mpigo; Agosti 2021 jibu likawa asilimia 25, ambayo kitakwimu haikutofautishika na sifuri. Ndugu yake Mosaico, kwa wanaume na watu waliobadili jinsia wa Amerika na Ulaya, ilisimamishwa Januari 2023. Na PrEPVacc, iliyoendeshwa Uganda, Tanzania na Afrika Kusini na kuongozwa na Waafrika, iliacha kuchanja Novemba 2023 baada ya bodi yake kuona hakuna dalili ya kinga. Sina la kuongeza kwenye orodha hiyo ila kwamba imefunga mjadala mmoja: kingamwili za kawaida, hata ziwe nyingi vipi, hazitoshi.

Sasa ngoja nikuambie kwa nini sijakata tamaa, maana hapa ndipo kazi ilipo leo.

Kati ya watu wanaoishi na VVU bila kutibiwa, asilimia 10 hadi 20 hivi, baada ya miaka kadhaa, huanza kutoa kingamwili za aina nyingine kabisa. Kingamwili moja ya namna hiyo inaweza kuzuia sehemu kubwa ya virusi vya VVU vya dunia, bila kujali ni A, B au C, kwa sababu hushika sehemu ya mwiba ambayo kirusi hakiwezi kuibadilisha kisiharibikiwe. Kwa mwenye VVU zinakuja zimechelewa. Kirusi ndani yake kimeshapiga hatua mbele. Swali likawa: je, mtu asiye na VVU akipewa kabla, zitamkinga? Jaribio la AMP liliwawekea watu zaidi ya 4,600 mojawapo ya kingamwili hizo, VRC01, kwa dripu kila wiki nane. Majibu ya mwanzoni mwa 2021 yalikuwa na pande mbili. Kwa jumla haikupunguza maambukizi. Lakini dhidi ya virusi ambavyo VRC01 inavimudu vizuri, ilizuia kiasi cha asilimia 75. Shida ni kwamba virusi hivyo vilikuwa kama asilimia 30 tu ya vilivyokuwa vikizunguka. Kwangu mimi hilo ndilo jaribio muhimu kuliko yote niliyoyataja: lilithibitisha kwamba mlango unafungika, likatuambia na ukubwa wa kufuli.

Basi chanjo inatakiwa iufanye mwili utengeneze kingamwili hizo wenyewe, kadhaa kwa pamoja. Ugumu ni kwamba seli B, yaani seli za kinga zinazotengeneza kingamwili, zenye uwezo wa kuanza safari hiyo ni adimu sana, na kingamwili inayotakiwa imebadilika mno kutoka ilipoanzia. Mwili huifikia kwa mabadiliko mengi ya hatua kwa hatua yanayochukua miaka. Ukiuonyesha mwili mwiba kamili wa VVU siku ya kwanza, seli hizo adimu hazioni chochote. Huwezi kumpa mtoto wa darasa la kwanza mtihani wa kidato cha nne, ukamfelisha, ukasema hana akili. Kwa hiyo watafiti, William Schief wa taasisi ya utafiti ya Scripps, Marekani, akiwa mstari wa mbele, wamebuni chembe ya protini isiyofanana na kirusi chochote kilichopo duniani, iliyotengenezwa kwa kusudi moja: kuziamsha zile seli B adimu. Baada ya hapo zinafuata chanjo nyingine, tofauti, kila moja ikikaribiana zaidi na mwiba halisi.

Hatua ya kwanza imefaulu kuliko nilivyotarajia. Katika jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2022, kati ya watu 36 waliochanjwa, 35 seli zao sahihi ziliamka. Mwaka 2025 yakachapishwa mengine mawili yaliyotumia teknolojia ya mRNA, yaani yale maelekezo ya kijenetiki niliyoyataja mwanzoni, ile ile iliyoiharakisha chanjo ya korona: moja Marekani, ambako sindano ya pili ya aina tofauti ilizisogeza seli hizo mbele zaidi, na jingine Rwanda na Afrika Kusini, ambako karibu washiriki wote waliitikia. Hilo la mwisho lilikuwa muhimu, kwa kuwa vinasaba vya kinga hutofautiana kati ya watu na watu. Timu nyingine, ikitumia mRNA pia, ilijaribu mwiba uliopachikwa kwenye utando wa seli kama unavyokaa kwenye kirusi, na asilimia 80 ya waliochanjwa walitoa kingamwili zenye kuzuia kirusi, ikilinganishwa na asilimia 4 kwa mwiba ulioachwa uelee. Tusijidanganye: kingamwili hizo zilizuia kirusi kile kile kilichotumika kutengenezea chanjo, si vya mtaani kwa upana wake. Ni darasa la pili, pengine la tatu.

Vikwazo havijaisha. Chanjo hizi za mRNA za VVU zimewaletea baadhi ya washiriki vipele vya kuwasha vinavyoweza kurudi-rudi kwa wiki kadhaa, mara nyingi kuliko ilivyokuwa kwa za korona, na bado hatujajua sababu. Jaribio jingine la Marekani lilisimamishwa baada ya mshiriki mmoja kupata mzio mkali, uliodhaniwa kutokana na kemikali iliyochanganywa humo. Akapona, na damu ya wenzake ikaonyesha kwamba chanjo yenyewe ilikuwa ikielekea pazuri. Na mwaka 2025 kikaja kikwazo kisicho cha kisayansi: Marekani ilikata fedha. Mpango wa utafiti wa chanjo ya VVU uitwao BRILLIANT, ulioongozwa na Profesa Glenda Gray na wanasayansi wa Afrika wenyewe, ulipoteza ufadhili wa USAID mwanzoni mwa mwaka, na mwezi Mei taasisi ya afya ya Marekani ikatangaza kwamba haitaendelea kuzifadhili timu mbili kubwa, za Chuo Kikuu cha Duke na Scripps, zilizobeba sehemu kubwa ya kazi niliyoieleza. Kukata fedha wakati hatua ya kwanza imefaulu ni uamuzi ambao sitautafutia neno la adabu.

Sindano ya mara mbili kwa mwaka inaitwa lenacapavir, na si chanjo. Ni dawa. Huchomwa chini ya ngozi ya tumbo, hukaa hapo ikitoka polepole, na kuzuia ganda la ndani la kirusi lisifanye kazi. Haiufundishi mwili chochote. Ukiacha kurudi baada ya miezi sita, kinga inakwisha. Lakini matokeo yake hayana mfano. Katika utafiti wa PURPOSE 1, uliofanyika Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25, walioipata walikuwa 2,134, na walioambukizwa ni sifuri. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025. Binti yako akiipata leo, amekingwa kuliko chanjo yoyote iliyo kwenye majaribio inavyoweza kumkinga. Kwa watafiti wa chanjo imeleta mtihani mpya: utampaje mtu plasebo wakati ipo dawa inayokinga hivyo? Kimaadili ni lazima kila mshiriki apewe nafasi ya kuitumia PrEP, yaani dawa anayotumia asiye na VVU ili asiambukizwe, na wakiitumia vizuri maambukizi yanakuwa machache mno kiasi cha kuhitaji makumi ya maelfu ya watu ndipo tofauti ionekane. Ndiyo maana tafiti nyingi za sasa ni ndogo, zinapima damu tu, na huchukua watu walio katika hatari ndogo.

Tunarudi kwa binti yako. Ana miaka 22, kwa hiyo saini ni yake. Wewe ni wa kumsaidia kuuliza. Aulize ni awamu ya ngapi. Awamu ya kwanza maana yake watu wachache, usalama ndio unaopimwa, na asitegemee kinga yoyote. Aulize kama atapewa PrEP, nani atalipia matibabu akidhurika, na fomu inasemaje kuhusu mimba, kwa kuwa karibu tafiti zote zitamtaka atumie uzazi wa mpango kwa kipindi chote cha kuchanjwa. Aulize kamati gani ya maadili imeidhinisha, na apewe nakala ya fomu ya ridhaa aje nayo nyumbani. Mtafiti anayekataa fomu isitoke ofisini, mwondokeeni. Anaweza kujitoa siku yoyote bila kueleza sababu.

Jambo moja ambalo familia nyingi hulijua baadaye: chanjo ikifanya kazi yake, damu yake inaweza kuonyesha kingamwili za VVU kwa miaka, na kipimo cha haraka kikasoma kwamba ana maambukizi wakati hana. Atapimwa wapi? Kliniki ya wajawazito, kabla ya ndoa, kwenye maombi ya kazi fulani. Huko mstari wa pili utatokea, na aliyeshika kipimo hatakuwa na habari za utafiti wowote. Kinachotofautisha ni kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe, na utafiti ulio makini humpa mshiriki kadi ya utambulisho na humfanyia kipimo hicho bure hata baada ya utafiti kuisha. Aulize hilo kabla ya yote, aambiwe ni kwa miaka mingapi, na liwe limeandikwa. Kuchangia damu ajue huenda asiruhusiwe tena. Na mchumba wake, kama yupo, aelezwe mapema, kwa maneno ya binti mwenyewe, kabla hajakutana na matokeo ya kipimo kisichoeleweka.